Siku tano za kazi kila mwezi: kaya ya Tandale na bei ya kukosa

Tandale, mtaa wa watu wa kipato cha chini, na Masaki, mtaa wa wenye nacho, zote ziko Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam, na kati yake ni mwendo wa kilomita chache tu. Pengo la sehemu hizi mbili watu wamezoea kulieleza kwa kipato: huyu anaingiza ngapi, yule anaingiza ngapi. Hapa tunaufungua ukurasa wa pili wa daftari, wa matumizi. Ukikaa na kalamu utakuta kwamba asiye nacho anapata kidogo, na juu ya hapo anauziwa ghali zaidi maji yaleyale, umeme uleule, mkaa uleule na hata fedha zenyewe.

Kaya tunayoichambua ni ya mfano. Bei za sokoni tulizoweka ni za kukokotolea, kwa hiyo msomaji wa Buza au Vingunguti aweke za mtaani kwake. Viwango vya serikali tumeviacha kama vilivyo.

Baba ni kuli sokoni Tandale. Mama anapika chapati asubuhi. Watoto ni watatu. Wanakaa chumba kimoja cha kupanga kwenye nyumba ya vyumba sita, choo ni cha wote, na mita ya umeme ni moja. Siku nzuri wawili hao wanaingiza 18,000 baada ya kutoa mtaji, siku ya mvua haifiki 5,000. Tuchukue wastani wa 12,000 kwa siku, yaani 360,000 kwa mwezi wa siku 30.

Kwa takwimu rasmi hawa si maskini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye sh. 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Tukiwahesabu watoto wote kama watu wazima, watu watano ni 246,600. Tukiupandisha mstari kwa robo kwa sababu ya bei zilizopanda tangu wakati huo, ni 308,250. Bado kaya iko juu. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 26.4 ya Watanzania wako chini ya mstari, lakini Dar es Salaam ni asilimia 8 tu. Kaya yetu imo kwenye ile 92 inayobaki, na ndiyo maana inafaa kuchambuliwa.

Maji

Ankara ya maji huhesabiwa kwa uniti. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Hiyo namba 50 ishikwe vizuri, kwa sababu ndiyo inayofungua kila kitu. Dumu likiuzwa shilingi 100 kwenye bomba la jirani, mnunuzi analipa 5,000 kwa uniti. Likiuzwa 400 na mwenye guta, analipa 20,000.

Kaya inatumia madumu sita kwa siku: moja la kunywa na kupikia, mawili ya kuoga, moja la vyombo, mawili ya kufua na choo. Ni lita 120, kila mtu 24. Umoja wa Mataifa unataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo hapa hakuna anayechezea maji. Kwa mwezi ni madumu 180, uniti 3.6.

Tuseme maji yanakatika siku nane kwa mwezi, mara mbili siku nne nne. Siku 22 za kawaida ni madumu 132 kwa 100, sawa na 13,200. Siku nane za ukame ni madumu 48 kwa 400, sawa na 19,200. Jumla 32,400. Gawa kwa uniti 3.6, unapata 9,000 kwa uniti. Siku nane zimekula fedha nyingi kuliko siku 22.

Mwenye bomba ndani ya geti achukue ankara yake, agawe jumla kwa idadi ya uniti, ajionee. Tukiweka 2,000 kwa uniti kama bei ya bomba, maji yaleyale yangegharimu 7,200. Tofauti ni 25,200 kila mwezi.

Ni rahisi kumlaumu mwenye guta. Tunaona si haki. Yeye mwenyewe amepanga foleni saa mbili, amelipia dumu, na amesukuma lita 400 kwenye barabara ya mashimo. Bei inatoka kwenye ramani ya mabomba. Tangu enzi za Wajerumani mji huu ulipangwa kwa madaraja ya ujenzi, na Waingereza wakaendeleza: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Uswahilini ng'ambo ya Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi makusudi utenganishe. Mabomba yalifuata mpango huo. Tandale ilikua baadaye bila viwanja kupimwa, nyumba zikasogeleana kando ya Mto Ng'ombe, na bomba kubwa halipiti uchochoro wa mita moja na nusu.

Mgao wa maji wa Oktoba na Novemba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, ulionyesha jambo hili waziwazi. Nyumba yenye tangi la lita 5,000 ina madumu 250 juu ya mnara. Kwa matumizi ya kaya yetu, hizo ni siku 41. Kaya yenyewe ilikuwa na madumu sita.

Umeme: nafuu iliyokosea mlango

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na linaumiza kwa sababu nia yake ilikuwa njema. Mteja mdogo wa majumbani, anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi, ana bei ya nafuu: sh. 100 kwa uniti, na ukiweka kodi na tozo ni kama 122. Anayezidi wastani huo huhamishiwa kundi la kawaida la sh. 292, na kwa kodi na tozo ni 356.

Chumba kimoja chenye balbu mbili, TV ndogo, feni na chaja kinatumia kama uniti 15. Ni mteja mdogo hasa. Lakini mita haijui vyumba. Sita mara 15 ni uniti 90, na nyumba nzima inahamia 356. Kaya yetu inalipa 5,340 badala ya 1,830, tofauti 3,510. Wakati huohuo chumba cha wageni kilichofungiwa mita yake peke yake ndani ya uzio wa nyumba kubwa kinaweza kubaki kwenye nafuu mwaka mzima, kwa sababu hakitumiki sana. Nafuu imepewa mita, haikupewa mtu.

Wapangaji wengine hufunga mita ndogo kwa kila chumba ili kumaliza ugomvi wa nani ametumia pasi. Ugomvi unaisha kweli, lakini bei haishuki, maana mita kubwa bado iko kundi la juu. Dawa ni LUKU, yaani mita ya kulipia kabla, ya pekee kwa kila kaya. Tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme mjini, njia moja na bila nguzo, ni sh. 320,960. Gawa kwa 3,510: miezi 92. Hakuna mpangaji atakayewekeza kwenye nyumba ya mtu fedha itakayorudi baada ya zaidi ya miaka saba na nusu.

Kuna na kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 hukatwa ndani ya LUKU, na kwenye mita ya kuchangia humkuta yule anayenunua umeme wa kwanza mwezini. Tokeni inakuja na uniti pungufu, naye hajui kwa nini. Jengo si lake. Wapangaji wanaoelewana huliandika hilo ukutani karibu na mita na kumrudishia kwenye zamu inayofuata, au hulikata kwenye kodi ya chumba wanayomlipa mwenye nyumba, ambaye kisheria ndiye mdaiwa.

Dukani kwa Mangi

Tazama mafuta ya kupikia yanavyouzwa. Mangi, mwenye duka la mtaani, ana kikombe kidogo cha plastiki chenye mshipi uliochorwa kwa kalamu ya wino. Anachota kwenye dumu, anamimina kwenye kifuko, anakifunga fundo. Kipimo cha 500, kama mililita 70. Ukikiangalia kinatosha mboga ya jioni moja, hakuna kinachobaki cha kutunza, na hilo ndilo linalokifanya kivutie: unanunua leo tu.

Lita moja kwa vipimo hivyo ni zaidi ya 7,100. Dumu la lita tano la 27,000 linatoa lita kwa 5,400. Kwa lita tatu za mwezi, yaani vipimo 43, tofauti ni 5,300. Sukari ni 800 kwa robo kilo, wakati kilo nzima ni 2,800. Kwa kilo nne za mwezi tofauti ni 1,600. Mkaa ndio mkubwa zaidi: kopo moja la 2,000 kila siku ni 60,000, wakati gunia la 80,000 linalotoa makopo 50 lingefanya kopo kuwa 1,600. Tofauti 12,000.

Ushauri wa kawaida ni "nunua kwa jumla". Lakini gunia la mkaa linataka 80,000 kwa siku moja, karibu kipato cha wiki, na linataka mahali. Kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kitanda, godoro la watoto na meza ya chapati, gunia linakaa nje. Nje linaloa, linachotwa, na majirani wanaomba kopo moja ambalo huwezi kukataa kwa sababu wiki ijayo utaomba wewe. Nafasi ya kuhifadhi ni mali kama mali nyingine, na haionekani kwenye takwimu yoyote ya kipato.

Na Mangi ana daftari. Siku ya 5,000 anakopesha unga na mafuta bila riba inayotajwa. Sehemu ya ile bei ya juu ni ada ya daftari hilo, na sehemu ni ya wale walioondoka mtaani na madeni. Kaya inayohamia kununua kwa jumla pengine mbali, halafu ikarudi kwa Mangi siku ya shida, hukuta daftari limefungwa. Kwa hiyo tunashauri kuanza na kitu kimoja tu, mafuta ya lita tano, na kuacha mengine yaendelee kwake.

Kodi ya chumba, hapo ndipo mshipi unapokatikia

Yote ya juu yanauma kidogo kidogo. Kinachoiangusha kaya ni kodi. Chumba ni 60,000 kwa mwezi, bei inayolingana na kipato. Lakini mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo: 360,000. Ukihamia chumba kipya, dalali anachukua mwezi mmoja juu yake, inakuwa 420,000. Kipato kinaingia kwa siku, deni linakuja kwa nusu mwaka.

Mwezi wa kodi unakuta mama amekusanya 160,000. Zinapungua 200,000, na suluhisho lililo karibu ni mkopo wa kausha damu. Anajaza fomu kwa 10,000, anapewa 200,000, anarudisha 260,000 kwa siku 30, sawa na 8,667 kila siku kuanzia kesho. Dhamana ni TV, friji au godoro.

Riba inatajwa kama asilimia 30. Si 30. Anaanza kurudisha siku ya pili, kwa hiyo hakai na 200,000 mwezi mzima. Kwa wastani anakaa na nusu yake. Ukikokotoa kwa deni linalobaki mkononi kila jioni, ni kama asilimia 1.8 kwa siku, zaidi ya 50 kwa mwezi, kabla ya kuweka ile fomu. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Hata kwa ukomo huo uliotozwa kwenye mkopo wote, gharama ingekuwa 7,000. Yeye amelipa 70,000.

Sasa tazama siku ilivyo. Wanaingiza 12,000, wanatoa 8,667, wanabakiwa na 3,333 kwa watu watano. Haiwezekani, kwa hiyo kinachofuata hutabirika. Kwanza anakula mtaji: alikuwa ananunua mfuko wa ngano wa kilo 25, sasa ananunua kilo tano tano, kila kilo imezidi 200, faida imepungua 1,000 kwa siku. Pili anapunguza unene wa chapati, na wateja wanahama. Kufikia siku ya 12 hivi anachukua mkopo wa pili kulipia wa kwanza, kwa kampuni nyingine, na hapo hesabu ya kodi ya chumba imekwisha kusahauliwa. Kinachotafutwa ni marejesho ya leo.

Tuseme mikopo mitatu tu kwa mwaka, miwili ya kodi na mmoja wa ugonjwa au shule, na yote inalipwa salama. Kila mmoja umezidi gharama halali kwa 63,000. Ni 189,000 kwa mwaka, 15,750 kwa mwezi.

Jumlisha: maji 25,200, umeme 3,510, mkaa 12,000, mafuta 5,300, sukari 1,600, mikopo 15,750. Jumla 63,360 kwa mwezi, asilimia 17.6 ya kipato. Kwa 12,000 kwa siku, hizo ni siku tano na ushee za kubeba magunia na kusukuma chapati, kila mwezi, ambazo hazinunui chochote cha ziada. Kwa mwaka ni 760,320, zaidi ya kipato cha miezi miwili.

Kipimo cha dunia kinachopita juu ya Tandale

Watafiti wa World Inequality Lab ya Paris, kwenye ripoti yao ya 2022, walikadiria kwamba asilimia 10 ya watu wa juu duniani huchukua asilimia 52 ya kipato chote, na nusu ya chini hupata 8.5. Kwa mali ni zaidi: 76 kwa 2. Benki ya Dunia nayo iliweka mstari mpya wa umaskini uliokithiri Juni 2025, dola 3.00 kwa siku.

Ili kulinganisha nchi na nchi, vipimo hivi hurekebishwa kwa uwezo wa fedha kununua: shilingi ya hapa inanunua nini ukilinganisha na dola ya Marekani. Ni sahihi kufanya hivyo. Lakini rekebisho hutumia bei ya wastani ya nchi nzima. Linachukulia kwamba Tandale na Masaki wananunua uniti ya maji kwa bei moja. Tumeona kwamba hapa ni 9,000 kwa 2,000. Pengo halisi la maisha, basi, ni pana kuliko namba zilizochapishwa, na upana huo hauonekani kwa sababu ya namna ya kupima.

Na ugonjwa huu hauishii mtaani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo, UNCTAD, limeonyesha kwamba nchi zinazoendelea hukopa kwa riba mara mbili hadi nne ya ile ya Marekani, na mara sita hadi 12 ya ile ya Ujerumani. Kijana wa Kitanzania anayemtumia mama yake fedha kutoka ng'ambo anakatwa zaidi akituma Afrika kusini mwa Sahara kuliko angekatwa akituma kanda nyingine, ingawa lengo la dunia kwa 2030 ni makato yasiyofika asilimia 3. Ni kausha damu kwa kiwango cha mataifa: anayehitaji zaidi anaonekana wa hatari zaidi, anatozwa zaidi, na tozo hiyo ndiyo inayomfanya awe wa hatari.

Pa kuanzia

Kwa kaya hii tungeanza na kodi, si na mkaa, kwa sababu kodi ndiyo inayozaa mikopo na mikopo ndiyo inayokula mtaji. Njia iliyopo ni mchezo, yaani upatu wa kuchangishana na kupokea kwa zamu, na namba zake zinakaa vizuri: watu sita, kila mmoja 2,000 kwa siku, kwa siku 30 ni 360,000. Zamu inarudi kila miezi sita, sawasawa na kodi. Mikopo miwili ya mwaka inaondoka, pamoja na 140,000 zake.

Mchezo wa namna hii huvunjika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mpangilio wa zamu. Usipangwe kwa kura. Upangwe kwa mwezi ambao kodi ya kila mmoja inaisha, na wawili wakigongana, mmoja amwombe mwenye nyumba wake mwezi mmoja mbele kabla mchezo haujaanza. Ya pili ni siku ya 5,000. Mtu akikosa siku mbili huona aibu, akikosa ya tatu hukimbia. Kila mmoja aweke 10,000 mwanzoni kwa kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo. Akikosa, kijumbe anatoa kwenye fungu lake, naye analijaza ndani ya wiki. Fungu la 10,000 linabeba siku tano. Na mchezo uanze kwenye mwezi wa kodi ya mwenye biashara ya mahali pamoja, asiyehamahama, ili yeye ndiye aanze kupokea.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawiwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, isichanganywe na hili. Ni ya vikundi vilivyosajiliwa na kwa ajili ya mradi. Kikundi kinachochukua na kulipia kodi za vyumba hukwama kwenye rejesho la kwanza. Itumike kurudisha mfuko wa ngano wa kilo 25.

Baada ya kodi, maji. Mapipa mawili ya lita 200 ni madumu 20, yanatosha siku tatu na kidogo. Kwa kukatika kwa siku nne nne mara mbili, yanaokoa siku sita za bei ya guta: madumu 36 kwa tofauti ya 300, yaani 10,800 kwa mwezi. Kwa pipa la 40,000, fedha inarudi mwezi wa nane. Yawe na mfuniko unaobana, kwa sababu mbu wa dengue huzaliana kwenye maji safi yaliyotulia, na yasafishwe kila yanapokauka.

Pipa halitoshi ndani ya chumba. Lazima likae uani, na ua ni wa mwenye nyumba. Kwa hiyo wapangaji sita waende pamoja wakiwa na pendekezo moja: watachangia bomba la nyumba, mchango ukatwe kwenye kodi ya nusu mwaka unaofuata, mita ya maji iwe kwa jina la mwenye nyumba, na dumu la ndani liuzwe kwa bei ya ankara pamoja na kiasi kidogo cha matengenezo. Makubaliano yaandikwe nakala tatu na kusainiwa ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti, kabla shilingi ya kwanza haijatolewa. Kipengele ambacho wengi hukisahau ni hiki: kodi isipande kwa miezi 12 tangu bomba lianze kutoa maji. Bila hicho, nyumba inakuwa na bomba, chumba kinapanda kutoka 60,000 hadi 80,000, na waliochangia ndio wanaohama.